Bwawa la Nne na Panya Mwenye Adabu

Kwaru. Kimya. Kwaru, kwaru.

Sauti ilitoka jikoni, ndogo, kama ukucha unaokwaruza bati. Nilifumbua macho gizani nikatega sikio. Kikafuata kitu kama mfuniko unaorudishwa taratibu juu ya sufuria, kisha nyumba ikanyamaza. Panya, nikajiambia, nikageukia ukutani. Panya hakuwa na nafasi kichwani mwangu. Kichwa kilijaa maji ya bwawa la nne, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Mimi hulisha samaki. Wiki tatu kabla ya alfajiri hiyo tulimimina vifaranga elfu tatu wa kambare katika bwawa la nne, kila mmoja hazidi ukucha wa kidole cha mwisho, na msimamizi akatangaza mbele ya wenzangu, "Hili ni la dada." Dada ni mimi. Nilikuwa nimeosha nyavu mwaka na nusu, mikono ikinuka utelezi hata siku ya harusi ya mtu, na jioni nikienda darasani na mtoto mgongoni mpaka nikapata cheti changu. Bwawa lile nililipokea kama anayekabidhiwa mtoto wa pili.

Wiki ya kwanza, chujio langu likizama mara moja lilipanda na vifaranga zaidi ya mia. Jumatatu ya wiki hii ninayoisimulia, chujio lilelile, mahali palepale, lilipanda na thelathini na mmoja. Nikarudia. Ishirini na saba.

Msimamizi tunamwita Rula, kwa kuwa ana rula ya chuma mfukoni mwa shati na hupima kila kitu, hata mkate wake wa saa nne. Alilitazama chujio, akanitazama na mimi.

"Dada, samaki hawana miguu. Ijumaa tunatoa maji, tunahesabu mmoja mmoja. Wakiwa chini ya nusu unarudi kwenye nyavu, bwawa nampa mwingine."

Elfu moja na mia tano. Nililala na nusu hiyo, nikaamka nayo.

Tunaishi kwa wifi yangu, maana mume wangu ni dereva wa malori na barabara ndiyo nyumba yake. Wifi ni fundi cherehani. Ana wavulana watatu wenye afya ya mbuzi, na moyo mpana kuliko vyumba vyake. Watoto wote hulala chumba kimoja, pamoja na binti yangu wa miaka minne, tunayemwita Tone kwa jinsi alivyozaliwa mdogo.

Kulipopambazuka nilimkuta wifi mlangoni mwa jikoni, ameshika sufuria kama ushahidi.

"Wifi, njoo uone maajabu. Ukoko wote wa wali umekwanguliwa. Na mfuniko umerudishwa! Panya wa nyumba hii ana adabu kuliko wanangu."

"Labda ana mkia wa kushikia mfuniko," alisema mkubwa wa wale wavulana.

"Au kasoma masomo ya jioni kama mama yake Tone," wifi akajibu, na wote wakaangua kicheko.

Nilicheka kwa mdomo tu. Tone hakucheka. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Nikambusu utosini, nikambana mkono wake mwembamba, nikakumbuka nesi wa kliniki alivyouliza mwezi uliopita, mbona mstari wa uzito kwenye kadi haupandi, mtoto anakula? Anakula, nilimjibu, na sikudanganya. Kwa wifi hakuna siku iliyopikwa sufuria ndogo.

Nikaondoka mbio mbio, chai sijainywa.

Pale kazini chakula hakimwagwi kimya kimya. Mlishaji hugonga ndoo mara tatu kwenye jiwe lililo kwenye kona ya bwawa, ngo, ngo, ngo, kisha humwaga punje zote hapohapo. Ndivyo tulivyofundishwa. Samaki huijua ile sauti upesi kuliko mtoto anavyolijua jina lake. Mimi nilipenda kugonga. Maji ya konani yalikuwa yakichemka migongo myeusi na sharubu, midomo ikifunguka, na wenzangu wakija kutazama wakisema bwawa la dada lina uhai. Nani asingefurahi? Nilikuwa nikigonga asubuhi, nikigonga jioni, na kila siku maji yale yalichemka zaidi. Ndiyo maana hesabu ya chujio iliniumiza akili. Konani niliona wingi. Kwingine kote palikuwa patupu.

Jumatano hiyo minong'ono ilikuwa imeshafika kwa mlinzi, mzee tunayemwita Babu Tochi kwa sababu hutembea na tochi hata adhuhuri. Wenzangu wawili walikuwa wamesema kwamba vifaranga wakipotea usiku, muulize anayekesha.

"Mimi?" alisema, akitembea nyuma yangu kwenye tuta. "Niibe samaki wa ukubwa wa kope? Nitawakaanga kwenye kijiko?"

"Babu, mimi sijasema kitu."

"Hujasema, lakini unanitazama mifukoni."

Ni kweli nilikuwa nimemtazama mifukoni. Nikaona aibu. Nikaendelea kulizunguka bwawa, mara ya sita, ya saba, nikitafuta nyayo za ndege, tundu kwenye tuta, chochote. Miguu haikukubali kusimama.

"Mwanangu," Babu Tochi aliniita kutoka konani, "huyu wako ana mikia miwili."

Nikaenda. Aliinamisha tochi, akaoneshea kidole. Chini ya maji, karibu na jiwe, alitulia kambare wa urefu wa kidole changu cha kati, kichwa kipana kama kijiko. Mkia mmoja ulikuwa nyuma, unakopaswa kuwa. Wa pili ulining'inia mdomoni, mdogo, bado unatikisika.

Nilizamisha chujio kabla sijafikiri. Nikapata sita kama yeye. Nikazamisha upande wa pili wa bwawa, kwenye majani, nikapata wanne, kila mmoja bado ni wa ukubwa wa ukucha, matumbo yamebonyea. Nikawaweka wote kumi kwenye beseni. Wamezaliwa siku moja, na mama mmoja. Ungeapa ni baba na watoto.

"Basi mwizi umempata," alisema Babu Tochi. "Nimpeleke kituoni?"

Nilikimbia na beseni hadi kwa Rula, maji yakinimwagikia magotini. Nikamwambia tuwachambue, wakubwa tuwaweke kwenye tangi tupu la saruji, wadogo wabaki.

"Samaki mkubwa kumla mdogo ni habari ya leo?" alisema. "Kambare ndivyo alivyo. Na wavu haukokotwi siku mbili kabla ya kuhesabu. Utawachubua, watakufa, halafu utasema Rula ndiye aliyeruhusu."

"Lakini bosi, kwa nini hawa wamekua na wale hawakukua? Chakula ni kilekile."

"Nenda nyumbani, dada. Unazunguka bwawa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Unanipa kizunguzungu."

Hivyo nilifika nyumbani saa kumi, mapema kuliko siku zote. Na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, niliwakuta watoto wakila.

Wifi huwaandalia sinia moja. Husema wanaokula pamoja hawatagombana ukubwani. Sinia lilikuwa limejaa wali na maharage, vichwa vinne vimeinama juu yake. Wavulana walikula kama watu wanaozima moto. Hawakuwa wabaya. Hakuna aliyemsukuma Tone wala kumwambia neno. Mkono wake ulienda katikati, ukakutana na kiwiko, ukarudi. Ukaenda tena, ukakuta mikono mitatu imeshapita. Akaanza kuokota punje zilizodondoka ukingoni, moja moja, kwa utaratibu, kama kuku mgeni. Sijamaliza kuvua viatu, sinia likawa linang'aa.

"Mmeshiba?" wifi aliuliza kutoka kwenye cherehani, bila kuinua macho.

"Tumeshibaaa!"

Sauti tatu. Nilizihesabu, kwa kuwa wiki hiyo nilikuwa nahesabu kila kitu.

"Umeshiba?" nikamwinamia Tone. Akaitikia kwa kichwa. Mtoto anayelelewa nyumba ya watu huitikia hivyo. Nami nikakiamini kichwa chake, kwa sababu changu kilikuwa kimebaki kwenye beseni, pamoja na samaki kumi. Nililiona jambo zima, na sikuliona.

Alfajiri ya Alhamisi nilikuwa macho kitambo iliposikika. Kwaru. Kwaru, kwaru. Kisha mfuniko, taratibu, bati juu ya bati.

Panya hafuniki.

Niliinuka, nikatembea peku hadi jikoni. Taa ya jirani ilipenya dirishani kidogo. Tone alikuwa amesimama kwa ncha za vidole mbele ya jiko, kijiko mkononi, anasawazisha mfuniko ukae kama ulivyokuwa. Aliponiona hakushtuka. Aliweka kidole mdomoni, akanionyesha chumba cha shangazi yake, kwamba tusimwamshe.

Nilipiga magoti, nikamshika mabega, na kabla sijasema lolote wifi akatokea nyuma yangu, ndara imeinuliwa juu.

"Yuko wapi? Yuko wapi huyo mshen..." Akaona kijiko. Mkono wenye ndara ukabaki hewani. "Ni Tone?"

"Ni Tone, wifi."

"Mtoto wa kaka yangu anakwangua sufuria gizani. Nyumbani kwangu." Sauti ilimpungua. "Ina maana namnyima? Watu watasema namnyima?"

"Hakuna aliyemnyima. Unapika cha kutosha na kubaki. Ila ni namna ya kulisha." Nikaanza kumweleza habari za bwawa, maneno yakinitoka yakiwa bado yanajipanga: ndoo, jiwe, kona. Anayefika wa kwanza leo anapata nguvu ya kufika wa kwanza kesho. Asiyefika halii, hasemi, anabaki ukingoni akiokota. Chakula kimejaa, na mtu analala na njaa.

Wifi alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo wanangu ni kambare."

"Wifi, hapana..."

"Nimekuelewa. Elimu ya jioni hiyo." Aliidondosha ndara chini, akaivaa, akaingia chumbani. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa taratibu, na hiyo ikauma zaidi.

Nilimpa Tone mkate, akala wote akiwa mapajani mwangu. Nikambeba hadi kitandani kwangu. Halafu nikatoka, kukiwa bado kijivu, na maneno niliyomwambia wifi yalikuwa yakinirudia mwenyewe. Ndoo niligonga mimi. Wiki tatu, mara mbili kwa siku, kwenye kona moja, nikifurahia maji yanavyochemka. Wale wenye vichwa vipana niliwafuga kwa mkono wangu. Vifaranga hawakuibwa, niliwafanya chakula cha wenzao.

Lakini kama walikuja konani kwa kugongewa, wangekuja tena.

Babu Tochi alinikuta nikitandika wavu chini ya maji, konani, nimefunga kamba pembe zote nne.

"Rula alikataza wavu."

"Alikataza kuukokota. Huu umelala tu. Babu, shika kamba hizi mbili. Nikisema vuta, vuta."

"Na nikifukuzwa kazi?"

"Babu, wanasema wewe ndiye mwizi."

Akaweka tochi chini, akashika kamba.

Niligonga. Ngo, ngo, ngo. Ngo ya tatu ilitoka kama hodi ya mwenye deni. Nikarusha punje kiganja kimoja. Maji yakachemka, migongo myeusi, sharubu, wale wale, tena kwa wakati. "Vuta!" Wavu ukapanda mzito, unarukaruka. Wakubwa watupu. Nikiwashika kwa viganja nikawatia ndoo yenye maji, nikawakimbiza hadi tangi la saruji. Tukatega tena, tukagonga, tukavuta. Mara ya tatu walipanda wanne tu, nikajua kona imekwisha.

Kisha nikachukua chakula kilichobaki, nikakisaga kwa jiwe mpaka kikawa kama unga wa chengachenga, kiingie kwenye vinywa vidogo. Sikugonga. Nililizunguka bwawa lote nikinyunyiza kidogo kidogo kila hatua, kama anayepanda mtama, nikarudia baada ya saa moja, na baada ya saa nyingine. Safari hii miguu ilikuwa na sababu ya kutotulia. Mzunguko wa nne, penye majani, nikaona viduara vidogo juu ya maji, kama mvua inayonyesha kutoka chini. Walikuwepo. Walikuwa wanakula.

Rula alikuja saa nne. Nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa. Alikwenda kwenye tangi, akatoa mmoja mkubwa, akampima: sentimita kumi na moja. Akaja bwawani, akapima mdogo: moja na nusu. Akajaribu kuirudisha rula mfukoni, akaukosa mfuko mara mbili.

"Ijumaa ni kesho," alisema, akaondoka.

Jioni hiyo nyumbani wifi alishona bila kuimba. Tone nilimlisha mimi chumbani. Hatukusemeshana zaidi ya "karibu" na "ahsante", na adabu ile ilinikosesha usingizi kuliko panya.

Ijumaa tulitoa maji. Wenzangu sita waliingia topeni na mabeseni, wakihesabu mia mia, na Rula akisimama tutani akiweka kokoto moja kwa kila mia. Nilihesabu kokoto zake kwa macho mpaka zikanichanganya. Kumi. Kumi na moja. Topeni walizidi kupungua. Kumi na mbili. Kumi na tatu, na mikono ikaanza kuokota mmoja mmoja.

"Elfu moja mia tatu sitini na mmoja," alisema Rula.

Hakuna aliyenitazama. Nikafikiria nyavu, utelezi wake.

"Na wa kwenye tangi, bosi," nikasema.

"Wale walao wenzao? Wezi nao tunawahesabu?"

"Hata gerezani watu huhesabiwa," alisema Babu Tochi, "tena asubuhi na jioni."

Kicheko kilipasuka topeni. Rula hakucheka, ila aliinama akaokota kokoto nyingine, na tukaenda kwenye tangi. Walikuwa mia moja sabini na wawili. Alijumlisha kwa vidole, akarudia kwa kalamu kiganjani.

"Elfu moja mia tano thelathini na tatu. Umepona kwa samaki thelathini na watatu, dada."

"Nimepona, bosi."

"Bwawa la tano tunamimina wiki ijayo." Alilitazama lile jiwe la konani kama lilimkosea yeye binafsi. "Huko ndoo isigongwe. Utawaonyesha wenzako jinsi ya kuzunguka."

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka, kisha polepole, kisha haraka tena. Habari njema nilikuwa nayo, na sikujua nimpe nani. Mlangoni nilisikia vijiko. Kwa wifi watoto hawali kwa vijiko.

Sahani nne zilikuwa mkekani, mbali mbali, kila mtoto na yake. Mbili za bluu, moja ya bati, moja yenye ufa na ua katikati. Ya ua ilikuwa ya Tone. Wifi alikuwa kwenye cherehani, mgongo ameunyoosha.

"Nimetenganisha mabwawa," alisema bila kugeuka.

"Wifi, jana nilisema vibaya."

"Ulisema vibaya, ndiyo." Alikata uzi kwa meno. "Mimi kwetu nilikuwa wa tisa. Nililamba masinia mpaka nikayajua maua yake yote. Nikaapa wanangu hawatalamba, nikapika sufuria kubwa, nikadhani nimemaliza." Hapo akageuka. "Samaki wako?"

"Thelathini na watatu zaidi ya nusu."

"Kaa chini basi, unanipa kizunguzungu na wewe."

Nikakaa. Wavulana walikuwa wameshamaliza, mkubwa wao akaikodolea sahani ya ua, mama yake akamkata jicho, naye akatoka nje kucheza na ndugu zake. Tone alibaki. Alikula kijiko kimoja, akasita, akatazama kushoto na kulia. Hapakuwa na kiwiko. Akala cha pili. Alitafuna kila tonge kama analisomea. Cherehani ilinyamaza. Mimi na wifi tulikazana kutazama dirisha, ukuta, uzi, chochote kisichokuwa yeye. Nje jua lilishuka, na kijiko kikaendelea, tik, tik, tik, bila haraka.

Zilipobaki punje chache juu ya lile ua, Tone alikiweka kijiko chini, akaisukuma sahani mbele kwa mikono miwili, na akasema kwa sauti iliyofika hadi nje, "Mama, nimeshiba."